Kilichokuwa Nyuma ya Mama Mkunga

Mwaka ambao kijiji chetu kilijengewa zahanati, akina mama waliamua kwamba picha ya mama mkunga itundikwe ndani yake. Walikuja nyumbani kwangu asubuhi, watatu, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na walikuwa wamekwisha kubaliana kila kitu isipokuwa kuniuliza kama naweza.

Mimi nilikuwa mchoraji wa mabango. Kila Jumatatu nilipanda baiskeli hadi Same mjini, nikaandika majina ya hoteli na maduka, nikachora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha na simba kwenye ubavu wa basi. Ng'ombe wangu walisifiwa. Lakini mtu halisi, mtu ambaye kila mpita njia anamjua na anaweza kusema hapa umekosea, sikuwahi kumchora hata mara moja.

"Ndugu Fundi," mwenyekiti alisema, "zahanati itafunguliwa kabla ya vuli. Mkuu wa wilaya atakuja. Picha iwe tayari."

"Na iwe yeye," mama mmoja akaongeza. "Isiwe bibi yeyote tu."

Nilikubali kwa sababu sikuwa na njia ya kukataa. Mama mkunga ndiye aliyenipokea duniani, mimi na wadogo zangu wote wanne. Alipenda kunikumbusha mbele za watu kwamba aliniona kabla mama yangu hajaniona. Kabla ya operesheni ya vijiji sote tulikuwa tunaishi juu mlimani, kila ukoo kwenye migomba yake. Tuliposhushwa huku tambarare, kando ya njia ya Makanya, yeye aliteremka na kitanda chake, kuku sita na mfuko wa ngozi wenye mkasi na uzi, na wiki ile ile alizalisha mtoto kwenye hema la turubai kabla nyumba hata moja haijapauliwa. Sasa macho yake yalikuwa yanafifia, na serikali ilikuwa inatuletea muuguzi msichana mwenye cheti. Akina mama hawakumkataa muuguzi. Walichotaka ni kwamba mama mkunga asiondoke kabisa.

Seremala wa kijiji alinipa kipande cha mbao laini chenye ukubwa wa mlango wa kabati. Nilikipaka jasi niliyoisaga mwenyewe, ya kutoka Makanya, na kuichanganya na gundi ya seremala, nikasugua mpaka ikawa nyeupe na laini kama kaure. Kisha nikaenda kukaa na mama mkunga.

Siku hizo nane zilikuwa nzuri kuliko kazi yoyote niliyopata kuifanya. Alikaa kwenye kigoda mbele ya mlango wake, ungo wa maharage mapajani, akichambua ya makande. Alikuwa na jicho la kushoto lililofumba kidogo, kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano siku zote. Kidevuni alikuwa na kovu ambalo alisema alipata kwa mbuzi, na siku nyingine alisema kwa mume. Hakuweza kunyamaza. Nikimwomba atulie nimchore mdomo, ndipo alipokumbuka jambo.

"Wewe ulitoka miguu mbele," aliniambia. "Tangu siku ile nilijua hutalima."

"Shikamoo mama, naomba ufunge mdomo kidogo tu."

"Marahaba. Kufunga kinywa nitafunga nikifa. Chora."

Nilichora. Siku ya nane nilipogeuza mbao aione, aliisogeza karibu mpaka pua yake ikakaribia rangi, akatazama kwa lile jicho zuri, akasema, "Mh. Ndiye." Akarudi kwenye maharage.

Kila aliyeuona uso ule alisema vivyo hivyo. Mchungaji alisema ndiye. Watoto waliochungulia dirishani kwangu waliuamkia. Mke wangu, ambaye alikuwa na mimba yetu ya kwanza na hakuwa mtu wa kusifu ovyo, alisimama mbele ya mbao mikono kiunoni akasema, "Leo nimeolewa na mchoraji." Wazazi wake walitoka Songea kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi tuliokua na Chasu, lugha ya mlimani kwetu, mdomoni. Neno lake nililibeba moyoni wiki nzima.

Basi zilikuwa zimebaki wiki sita, na uso ulikuwa tayari. Kilichobaki, nilidhani, ni kujaza ile sehemu nyeupe iliyomzunguka. Nyuma tu. Nilijiambia hiyo ni kazi ya siku mbili.

Nilianza na mlima, kwa kuwa sisi ni watu wa mlima na ulikuwa pale pale, ukijaza dirisha langu. Niliuchora wa buluu asubuhi, na ukungu mabegani mwake. Peke yake ulikuwa mlima mzuri. Lakini kilele kilitua sawasawa juu ya utosi wa mama mkunga, na mke wangu alipoingia na maji alisema, "Umembebesha kuni." Nilikisogeza kilele kushoto, kikawa pembe. Nikakisogeza kulia, kikawa sikio. Nikakwangua.

Mwenyekiti alipopita kuangalia maendeleo alikuwa na jibu tayari. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuamini, aliyelia machozi siku kisima cha kijiji kilipotoa maji.

"Ndugu Fundi, mama huyu amewazaa wajenzi wa taifa. Nyuma yake weka shamba la kijiji. Weka wananchi na majembe. Weka trekta."

"Trekta limekufa tangu Pasaka, Mwenyekiti."

"Kwenye picha litatembea."

Nikaweka trekta. Nilikuwa na kopo la rangi nyekundu niliyobakiza kwenye kazi ya basi, na miezi ile rangi ilikuwa adimu, ukiipata unaitumia. Nililichora kwa makini, na magurudumu yake makubwa na bomba la moshi, na nyuma yake mistari ya mahindi na wananchi wadogo wadogo wameinua majembe. Mwenyekiti alifurahi mpaka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kisha tukamwita mama mkunga mwenyewe aje aone.

Alikuja na fimbo yake, akasogea, akatazama. Alitazama sana.

"Hili jekundu ni nini?"

"Ni trekta, mama."

"Linakuja huku?"

"Linalima."

"Linakuja huku," alisema. "Nami nimeangalia pembeni. Mwanangu, litanigonga."

Mwenyekiti alijaribu kumweleza maana ya trekta. Alimsikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza mimi kama ningeweza kumchora akiwa amesogea kidogo kando ya njia. Walipoondoka nilitazama tena nikaona ni kweli. Huwezi kuona uso kwa sababu ya wekundu ule. Nilikwangua trekta, pamoja na wananchi wote, ingawa mmoja nilimpenda, mwanamke aliyekuwa amesimama kujinyoosha mgongo.

Nilijaribu pazia, kama lile la studio ya picha pale Same. Mke wa mchungaji akauliza kama mama anatafuta pasi ya kusafiria. Basi nikafuta, nikaacha weupe mtupu, nikijipa moyo kwamba wachoraji wakubwa wa huko duniani huenda hufanya hivyo. Siku iliyofuata mama mmoja wa kamati aliingia, akaona weupe, akavua kitambaa kichwani. "Amefariki lini?" aliuliza. Ilinichukua muda kumtuliza.

Kila nilipokwangua nilipaka jasi upya, na jasi ikaongezeka unene, mpaka uso wa mama mkunga ukaanza kuonekana kama umekaa ndani ya kisima. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Nilianza kuiogopa mbao ile. Nilikuwa naigeuza ikatazama ukuta wakati wa kula. Jumatatu nilikwenda Same nikaandika HOTELI kwa herufi za kivuli, nikafurahia kila herufi, kwa sababu nyuma ya herufi hakuna anayeuliza kuna nini.

Ndipo nilipopata wazo la kumpeleka mama mkunga mlimani. Labda nilikosea kuuchora mlima kutoka huku chini, kwa mbali. Labda nyuma yake halisi ilikuwa juu, kwake, kwenye boma lake la zamani. Nilipomwambia alikubali kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa na migomba huko ambayo hakuiamini kwa jirani aliyeachiwa kuitunza.

Tulipanda kwa miguu, mimi na kitabu changu cha kuchorea, yeye na fimbo yake. Nilidhani ningemsubiri njiani, kumbe yeye ndiye aliyenisubiri. Alikuwa akikanyaga mawe yale yale aliyokanyaga miaka hamsini, na miguu yake ilijua njia bila msaada wa macho. Kila nyumba tuliyopita alinipa taarifa zake. Hapa nilipokea mapacha. Hapa nilipokea mmoja ambaye sasa ni karani huko Tanga. Hapa mama alikataa kusukuma mpaka mume wake aombe radhi, nasi tukamwita mume, akaomba radhi akiwa nyuma ya ukuta, mtoto akatoka.

Tulipofika kwake, nyumba ilikuwa imeinama upande mmoja na nyasi za paa zimeota magugu. Maji ya ndiva, lile bwawa la ukoo la kumwagilia mashamba, yalikuwa yanang'aa chini ya migomba. Mbele yetu tambarare yote ilikuwa wazi, barabara, reli, mashamba ya mkonge yenye mistari kama daftari, na mbali kabisa mng'ao wa maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu. Nilisisimka. Nilimweka mahali pazuri, jua likiwa ubavuni.

"Simama hapa, mama. Tazama huku."

Alisimama kidogo. Kisha akaenda kukagua migomba. Nikamrudisha. Akasimama tena, akahangaika, akashika kanga yake, akawa kama mgeni anayepigwa picha kwenye harusi ya watu.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "mimi sijui kusimama nje nikatazamwa. Kazi yangu yote niliifanya ndani."

Nililisikia neno lile, nikaliandika hata kwenye ukingo wa karatasi, wala sikulielewa. Nilichora migomba, nikachora bwawa, nikachora tambarare. Yeye alimkemea jirani kuhusu migomba, akapewa mkungu wa ndizi wa kuombwa msamaha, nikaubeba mimi hadi chini. Nyumbani nilijaribu vyote nilivyovichora, kimoja kimoja, kwa mkaa juu ya jasi. Vyote vilikuwa vya kweli na vyote vilikuwa vya mtu mwingine.

Nilimwambia mke wangu kwamba nitakwenda kwa mwenyekiti nikiri kuwa nimeshindwa.

"Subiri kwanza nijifungue," alisema. "Siku hiyo utaaibika kwa woga, na huwezi kuaibika mara mbili kwa mwezi mmoja."

Uchungu ulimshika siku nne baadaye, saa tatu asubuhi, akiwa anapepeta mchele. Nilikimbia kumwita mama mkunga, naye alikuja kwa mwendo wake ule ule, bila kuharakisha, akanikuta nimeziba mlango, ungo wa mchele mkononi. Alinitazama kwa jicho la kutunga uzi.

"Wewe nenda kachemshe maji. Ukimaliza, chemsha mengine."

Nilichemsha maji ya kutosha kijiji. Nilikaa nje kwenye kibanda changu cha kazi, na kupitia ukuta wa udongo nilisikia sauti ya mke wangu ikipanda na kushuka, na chini yake sauti ya mama mkunga, ya chini, isiyobadilika hata kidogo, kama mtu anayesimulia habari za shamba. Jua lilikuwa limesimama katikati nilipomsikia mtoto. Alikuwa msichana. Mama mkunga alitoka akijifuta mikono, akaniambia, "Huyu ametanguliza kichwa. Atalima," akaomba chai.

Alipokwisha kwenda kupumzika niliruhusiwa kuingia. Mke wangu alikuwa amelala chali, mtoto kifuani, amechoka na anang'aa. Nilikaa chini kando ya kitanda, nikamshika mkono, na kwa kuwa sikujua la kusema nikamwuliza kama alikuwa ameogopa.

"Mwanzoni," alisema. "Halafu nikawa namwangalia yeye. Nilikuwa naangalia uso wake na matundu ya bati."

"Matundu gani?"

Aliinua kidole. Mabati yetu yalikuwa makuukuu, baba yake aliyatoa kambini nyumba za zamani zilipobomolewa, na yalikuwa na matundu ya misumari kila mahali. Mchana ule kila tundu lilikuwa linawaka. Sikuwahi kuyaona hivyo, kwa sababu sikuwahi kulala chali mchana nyumbani kwangu.

"Uso wake ulikuwa hapa," alisema, akionyesha juu yake, karibu, "na yale yote nyuma yake. Akiinama yanazibwa, akiinuka yanatokea. Nilikuwa nayahesabu."

Niliinua macho nikayatazama. Nadhani alidhani nimeguswa na kuzaliwa kwa mtoto, na kweli nilikuwa nimeguswa, lakini kulikuwa na jambo la matundu pia. Aligeuza kichwa akanitazama, akaanza kucheka kidogo kidogo ili asimwamshe mtoto.

"Wewe mwanamume," alisema. "Miezi miwili unamchora mama wa watu amesimama. Nani aliwahi kumwona amesimama?"

Hilo ndilo lililokuwa limenishinda. Wanawake wote wa kijiji kile, na wa mlima mzima, walikuwa na picha moja ya mama mkunga vichwani mwao, na nyuma ya picha hiyo hakukuwa na mlima, wala shamba, wala anga. Kulikuwa na paa.

Mwanamume hawezi kuzunguka akiwauliza wanawake waliona nini wakati wa kujifungua. Lakini mke wangu alikuwa kwenye arobaini yake, na kila siku wageni walikuja kumwona, wamebeba uji na kuni na vitambaa vya mtoto. Aliwauliza yeye. Mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta na penseli. Mwanzo walimcheka, kisha wakaanza kusema wote kwa pamoja. Waliozalia mlimani walikumbuka boriti nyeusi kwa masizi, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Walikumbuka fito, na nyasi, na moshi uliokuwa ukizunguka kabla ya kupata njia ya kutoka. Mmoja alisema, "Na mahindi!" na wote wakaitikia, naam, mahindi. Ya mbegu, yaliyofungwa mawili mawili kwa maganda yao na kutundikwa juu ya moto ili wadudu wasiyaingie. Mama mmoja mzee alisema aliwahi kuyachagua mahindi yale huku akisukuma, hili nitalipanda, hili bovu, na mama mkunga alimwambia achague na jina la mtoto hapo hapo.

"Weka hayo," mke wangu aliniambia jioni ile. "Weka moshi na mahindi."

"Na bati lako?"

"Mimi ni mmoja. Hao ni wengi."

Lilibaki jambo gumu. Uso niliokuwa nao, uso ambao wote walisema ndiye, ulikuwa unatazama mbele. Huwezi kuweka paa nyuma ya mtu anayetazama mbele. Ilibidi awe ameinama, akionekana kutoka chini. Nilikaa na ule uso asubuhi nzima. Niliupenda. Nilijua sitapata tena kovu lile kama nilivyolipata. Kisha nikachukua kisu nikaukwangua, na mke wangu, aliyekuwa ananyonyesha mlangoni, akageukia upande mwingine ili asione.

Mama mkunga alipoelewa ninachotaka, alicheka mpaka akashika ukuta. Nilitandika mkeka kwenye sakafu yake, nikalala chali, mbao nimeiegemeza kwenye magoti. Yeye akapiga magoti kando yangu, polepole, mifupa ikilia, akaniinamia.

"Haya mzazi," alisema. "Uchungu tangu lini?"

"Mama, naomba usinichekeshe."

"Usibane pumzi. Ukibana pumzi unajiumiza."

Alitania hivyo kwa muda. Halafu sijui ilitokea lini, akaacha kutania. Labda magoti yake yalikumbuka, au mikono. Uso ulitulia. Lile jicho lililofumba kidogo likafumba zaidi, mashavu yakashuka mbele kidogo kwa uzito wake, midomo ikafungwa, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Hakuwa ananitazama mimi kama mtu wa kutaniwa. Alikuwa anangoja, bila haraka yoyote, kana kwamba duniani hakuna mahali pengine anapotakiwa. Nililala pale, mwanamume mzima mwenye ndevu, nikahisi kwamba chochote kitakachonipata hapa kitaisha vizuri. Penseli yangu ilitembea yenyewe.

Nilimchora siku tano kwa namna hiyo, kidogo kidogo kwa sababu ya magoti yake. Nyuma yake nilipaka boriti nyeusi zinazokutana juu, na fito, na moshi wa kijivu uliochanganyika na buluu, na mahindi mawili mawili yenye wekundu kidogo wa moto kwa chini. Haikunitaabisha hata siku moja. Kila kitu kilijua mahali pake. Na kwenye kona ya juu kulia, bila kumwambia mtu, nilipaka kipande kidogo cha bati chenye matundu matatu ya mwanga.

Siku ya kufungua zahanati picha ilifunikwa kwa kanga. Hotuba zikasemwa, ngoma ikapigwa, mkuu wa wilaya akaivuta kanga. Nilimwona mwenyekiti akikunja uso. Alinisogelea akaninong'oneza, "Ndugu Fundi, mbona ametuinamia? Kama tumeanguka shimoni?" Wanaume waliokuwa karibu walipindisha vichwa huku na huku. Mkuu wa wilaya aliuliza kwa upole kama mbao imetundikwa sawasawa.

Lakini akina mama, waliokuwa wamesimama nyuma, walikuwa wanasogea mbele bila kuitwa. Yule mama mzee wa mahindi ya mbegu alifika wa kwanza. Aliinua kichwa, akatazama, akasema kwa Chasu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba lile hindi la tatu ndilo bovu. Kicheko kilichotoka hapo sijakisikia tena. Wanawake walicheka wakashikana mabega, na wengine katikati ya kicheko walikuwa wanafuta macho kwa ncha za kanga. Mmoja alimwambia mwanawe mkubwa, askari aliyekuja likizo, "Tazama vizuri. Hapo ndipo ulipotokea." Kijana yule akavua kofia.

Mama mkunga alikuwa amekaa kwenye kiti cha heshima, mbali mno kwa macho yake kuona chochote. Aliuliza wanacheka nini, akaambiwa, akasema kwamba mimi mchoraji nilitoka miguu mbele.

Picha haikukaa kwenye chumba cha mapokezi kama ilivyopangwa. Muuguzi mpya, msichana mdogo wa kutoka Mbeya ambaye wote tulimhofia kidogo, aliomba aitundike kwenye chumba cha kujifungulia, juu ya kichwa cha kitanda, imeinamishwa kwa kamba ili mzazi aione. Akina mama walikubali pale pale. Ndivyo ilivyotokea kwamba kazi bora niliyopata kuifanya maishani ikatundikwa kwenye chumba ambacho sikuruhusiwa kuingia. Habari zake nilizipata kwa mke wangu, aliyezaa watoto wengine watatu chini yake. Aliniambia kwamba bati langu la kona aliliona mara ya kwanza tu alipolala, akalinyamazia mpaka nikadhani halikuonekana.

Mama mkunga mwenyewe alikaa karibu miaka miwili bila kuiona kwa karibu. Kisha siku moja, mchana usio na mgonjwa, alikwenda zahanati kwa fimbo yake akamwomba muuguzi amwingize. Muuguzi ndiye aliyetusimulia. Alimsogezea kiti, akakikataa. Alitaka kitanda. Akapandishwa, akalala chali, akavuliwa viatu kwa sababu alisema hakuna azaaye na viatu. Muuguzi alishusha kamba mpaka picha ikawa karibu na uso wake kabisa, pua kwa pua.

Alitazama muda mrefu.

"Kumbe ndivyo walivyokuwa wananiona," alisema.

Muuguzi alimwuliza kama anataka kuinuka. Akasema bado, aachwe kidogo, maana maisha yake yote hakuwahi kuwa upande huu. Aliachwa. Alipitiwa na usingizi palepale, mikono tumboni, na muuguzi akafunga mlango taratibu, akamwacha alale mpaka saa kumi, alipokuja mzazi akahitaji kitanda.